Kasoro ndogo katika ukarabati wa mashua: kigingi cha mti, epoksi au ubao mpya?

Mwana_wa_Pate

Assalaam aleikum, mafundi na mabaharia. Tunaikarabati mashua ya marehemu babu yetu, yenye urefu wa takriban mita 7 na mbao za mbambakofi zenye unene wa milimita 25, ambayo imekaa nchi kavu kwa muda mrefu. Kazi iliyokwisha kufanyika imeacha kasoro tatu. Matundu kadhaa ya misumari yametobolewa yakakosa taruma, yaani ubavu wa mashua unaoshika mbao kwa ndani. Ncha ya ubao mmoja, juu ya mstari wa maji, imepasuka kwa sababu msumari ulipigwa karibu mno na ukingo. Na kalafati ya chini, yaani pamba ya kuziba maungio ya mbao, imekazwa sana. Wengine wanatushauri tuzibe kila kitu kwa gundi ya epoksi, wengine tuweke vigingi vya mti, na wengine tung'oe mbao zote zenye kasoro. Naomba mlinganisho wa njia hizi tatu.

Fundi_Tezo

Wa aleikum salaam. Kwa matundu yaliyokosa taruma, mimi nachagua kigingi bila kusita, mradi kichongwe kwa mti wa aina ileile, kikauke vizuri, na nyuzi zake zielekee upande mmoja na nyuzi za ubao. Kigingi kilichokatwa kwa kufuata urefu wa tawi, kama watu wengi wanavyokikata, huonyesha kichwa chake cha nyuzi nje, nacho hunyonya maji na kuyapitisha hadi ndani. Panua tundu kidogo kwa kekee ili upate mti safi, gonga kigingi taratibu, kisha ukate kilichozidi kwa patasi kabla ya kupitisha randa. Msumari mpya utobolewe mahali pengine penye taruma, wala usipigwe katikati ya kigingi.

Nitaongeza jambo ambalo vijana wanaliruka siku hizi: kabla ya kupiga msumari wa chuma, zungusha chini ya kichwa chake uzi wa pamba uliolowekwa katika mafuta. Pamba hiyo hubanwa kati ya kichwa na ubao ikazuia maji kuufuata msumari. Kutu ikianza, chuma hutanuka, na ubao uliokuwa mzima hupasuka kutoka ndani.

Seremala_Tanga

Naikubali hoja ya kigingi, lakini epoksi isitupwe. Kwa ile ncha iliyopasuka, ambayo iko mahali pa kukauka, epoksi inafaa kuliko kigingi, kwa kuwa ufa hauna umbo linaloweza kuzibwa kwa mti wa mviringo. Ng'oa msumari, safisha ufa, penyeza epoksi nyepesi, bana kwa jiriwa bila kukaza mno, halafu weka kipande cha ubao kwa ndani kitakachoshika pande zote mbili za ufa. Sharti ni ukavu: unyevu wa mti ukizidi takriban asilimia 15, gundi haishiki inavyopaswa.

Mwana_wa_Pate

Ahsanteni. Je, mbao zilizopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kwa miaka mingi zinaweza kushika epoksi?

Seremala_Tanga

Kwa shida sana. Mafuta ya papa huingia ndani ya nyuzi, na kuparuza kwa msasa huondoa ya juu tu. Ukiona ubao bado unateleza na kunuka baada ya kuparuzwa, acha epoksi. Kata sehemu iliyoharibika na uunge kipande kipya kwa mkato wa mshazari wenye urefu mara 8 ya unene wa ubao, yaani milimita 200 kwa mbao zenu, ukiukaza kwa misumari na taruma.

Bi_Nahodha

Wanangu, mmeyashughulikia matundu mkaiacha kalafati, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Ubao mkavu huwa umenywea, kwa hiyo nafasi kati ya mbao huonekana pana, na fundi mwenye haraka huishindilia pamba mpaka isiingie tena. Chombo kikishuka majini, ubao huvimba kwa upana wake na pamba nayo huvimba; kusipokuwa na nafasi, mbao husukumana hadi misumari ikalegea katika mataruma. Hapo hakuna epoksi wala kigingi kitakachowasaidia. Epoksi katika maungio hayo ni mbaya zaidi, kwa maana hugeuka jiwe kati ya mbao zinazotaka kusogea.

Toeni pamba yote ya chini kwa ndoano butu, msiguse kingo za mbao, kisha mrudishe pamba mpya iliyolowa mafuta, iliyokazwa kiasi cha kushika tu. Baada ya hapo pakeni deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Fundi_Tezo

Naunga mkono kila neno la Bi Nahodha. Kung'oa ubao mzima mimi hufanya tu kwa ubao uliooza au uliotobolewa na wadudu wa baharini, kwani kila ubao unaong'olewa huacha matundu mapya katika taruma, na taruma kuukuu halivumilii hayo mara nyingi.

Mwana_wa_Pate

Basi tutatumia vigingi kwa matundu, tutajaribu kuparuza ile ncha kabla ya kuamua kati ya epoksi na kiungo cha mshazari, na kalafati ya chini tutaitoa yote. Tuiloweshe mashua kabla ya kuishusha?

Bi_Nahodha

Ndiyo, kwa maji ya chumvi, kwa sababu maji ya mvua yanayotuama ngamani, yaani chini ndani ya mashua, huozesha mbao. Tandazeni magunia ndani na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, lakini msiijaze mashua ikiwa bado juu ya magogo, maana uzito wa maji utazifungua mbao. Ishusheni maji ya bamvua yakijaa, muifunge mahali ambapo inakaa mchangani maji yakipwa, na mtu abaki nayo akichota maji mpaka maungio yafunge.