LEFT JOIN kila mahali, halafu lawama zote kwa seva. Inatosha!

Wakuu, hili linakera. Mfumo ukianza kukokota, sauti ya kwanza ni "tuongeze RAM". Fungua kwiri yenyewe (ombi la data kwa hifadhidata) sasa: LEFT JOIN saba mfululizo (kuunganisha majedwali huku rekodi zote za jedwali la kushoto zikibaki hata zisipopata mwenza), na hakuna aliyejiuliza kama hata moja inahitajika. Hii tunaiona kila wiki:

SELECT w.jina, o.kiasi
FROM wateja w
LEFT JOIN oda o ON o.mteja_id = w.id
WHERE o.hali = 'imelipwa';

Mteja asiye na oda anapata NULL (hakuna thamani) kwenye o.hali, kwa hiyo WHERE inamtupa nje. Hiyo ni INNER JOIN tu (inayobakiza zenye mwenza pekee)! Hifadhidata ya PostgreSQL huligundua hilo na kuibadilisha yenyewe, ila anayesoma msimbo wako anapotoshwa. Kama kweli unataka mteja abaki, sharti la hali lihamishie kwenye ON. Lakini usiombe LEFT bila sababu, maana LEFT halisi inafunga mikono: hifadhidata haiwezi tena kuanza na oda chache za leo kisha ikamfuata kila mteja kwa faharasa (index, orodha ya kutafutia rekodi haraka).

Halafu faharasa zenyewe! MySQL (InnoDB) huunda faharasa kwenye safu ya FOREIGN KEY (inayorejelea jedwali lingine, kama mteja_id). PostgreSQL haiundi. Watu wanahama, hawaangalii, na oda za mteja mmoja zinatafutwa kwa kusoma jedwali zima. Dawa ni mstari mmoja, nao hauzuii watu kuendelea kuandika:

CREATE INDEX CONCURRENTLY ON oda (mteja_id);

Usiuweke ndani ya transaksheni (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa pamoja), utakataliwa.

Na DISTINCT (inayoondoa rekodi zinazojirudia) ya kuficha uchafu ndiyo inaudhi kuliko zote. Oda ina bidhaa 5 na malipo 3. Ukiunganisha yote kwa pamoja unapata rekodi 15, na SUM (jumla) ya malipo inatoka mara tano ya ukweli. DISTINCT haitakuokoa hapo. Jumlisha malipo kwanza kwa kila oda, ndipo uunganishe. Kama unauliza tu "amelipa au hajalipa", tumia EXISTS, inayoangalia tu kama rekodi ipo.

Kabla ya kulia seva, endesha EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), inayoonyesha hatua ambazo hifadhidata imepitia. Ukiona Nested Loop (kuunganisha kwa kurudia rekodi moja moja) iliyokadiria rows=1 na zikaja laki mbili, huenda takwimu za jedwali zimechakaa: endesha ANALYZE oda; kisha pima upya. Ukiona Hash (jedwali la muda la kuunganishia) yenye Batches (mafungu) zaidi ya 1, kumbukumbu haikutosha, kazi imemwagikia diskini. work_mem, kikomo cha kumbukumbu kwa kila hatua, huja ikiwa 4MB; ipandishe kwa kikao hicho tu, mfano SET work_mem = '64MB'. Ukiipandisha kwa seva nzima, kila hatua ya kupanga au ya Hash katika kila muunganisho inaweza kuchota kiasi hicho, na RAM itaisha kweli.

Anayeleta "kwiri yangu iko slo" alete matokeo ya EXPLAIN, muundo wa majedwali na faharasa zilizopo. Na kwa UPDATE au DELETE, EXPLAIN ANALYZE inatekeleza kweli, kwa hiyo anza na BEGIN, maliza na ROLLBACK ili mabadiliko yafutwe.