Laini ya Circle (yaani "duara") ya treni za chini ya ardhi za London SIYO DUARA tangu 2009 na yule bwana wa maikrofoni akanibonyezea honi mbele ya shemeji

Spea_Kisekka ameandika:

Jamani saa nane usiku hii sijalala, na sababu mnaijua hata kabla sijaimaliza, maana mtu akikosa usingizi Jumamosi alfajiri katika mji huu wa Kampala ni pombe, ni mapenzi, au ni yule bwana. Simtaji. Kila aliyewahi kukaa pale kwenye chemsha bongo ya Ijumaa anamjua, viatu vina ncha kama vimechongwa na kisu, anasoma maswali kama anasoma bajeti ya taifa.

Tumefika swali la mwisho. Timu yetu na timu ya wale wanafunzi wa sheria tuko sawasawa, na zawadi mbuzi mzima amefungwa pale mlangoni analia, kila mtu anamwona. Bwana anakohoa, anauliza, treni gani ya chini ya ardhi ya London haina mwanzo wala mwisho?

Nikaandika HAKUNA TENA.

Wanafunzi wakaandika Circle. Wakapewa pointi. Nikasimama kwa adabu kabisa nikasema ssebo, samahani, swali lako limepitwa na wakati, hiyo laini ina mwanzo na mwisho tangu tarehe 13 Desemba 2009. Akaniangalia. Akavuta maikrofoni akasema, "Kaa chini bwana, wewe hata Bombo Road hujui inaishia wapi." Alafu akabonyeza ile honi. Mnaijua ile honi. PAAA-PAPAPAAA. Watu mia mbili wanacheka, mpishi ametoka jikoni na kijiko anacheka, mbuzi mwenyewe alinyamaza, naapa.

Na Bombo Road inaishia Bombo! Jina lenyewe linasema!

Sasa nisikilizeni maana pale sikusikilizwa. Ninazo ramani mbili ndogo za mfukoni, aliniletea shangazi aliyekuwa anafanya usafi maofisini huko London, moja ya 2008 nyingine ya 2010, nimezigandisha ndani ya mlango wa kabati. Ziangalie pamoja. Ya 2008 ile laini ya njano imejifunga kama chupa iliyolazwa ubavu, unaingia popote, unalala, unazunguka, unaamka ulipopandia. Ya 2010 chupa imetoboka, imeota mkia kwenda kushoto mpaka Hammersmith. Treni inatoka Hammersmith, inapita Edgware Road, inazunguka King's Cross, Liverpool Street, Tower Hill, Victoria, inafika tena Edgware Road na hapo ndiyo mwisho, shuka. Unataka kuendelea? Badilisha treni. Vituo vilikuwa 27 vikawa 36. Hiyo ni duara ya wapi? Hiyo ni kamba ya ng'ombe!

Na walikuwa na sababu. Treni isiyo na mwisho haina pa kupumzika, ikichelewa dakika tano asubuhi inazunguka nazo zile dakika siku nzima, kama konda na chenji yako. Na reli zenyewe inagawana na laini nyingine, kwa hiyo ikichelewa hii zinachelewa na zile. Wakaipa mwisho ili ipumue. Mimi ningemweleza haya yote kwa dakika moja. Dakika MOJA. Lakini honi.

Mimi nauza spea. Mteja akija na katalogi ya 2008 anataka bushi ya gari la 2010, namuuliza ssebo gari lako la mwaka gani, simbonyezei honi. Ramani ni katalogi. Kila toleo na mwaka wake. Hata hiyo duara anayoililia haikuwepo kwenye ramani tangu mwanzo, njia ilikamilika 1884 na kampuni mbili, Metropolitan na District, zilizokuwa zinagombana kama wake wenza, na ile ramani ya Harry Beck ya 1933, ile ya mistari iliyonyooka ambayo dunia nzima imeiga, haikuipa laini yake peke yake. Ilipata yake 1949. Kwa hiyo kwenye karatasi imeishi miaka 60 tu, shangazi yangu ni mkubwa kuliko hiyo duara. Na vituo vyenyewe havikai na jina moja, Euston Square ilikuwa Gower Street mpaka 1909, Barbican ilianza ikiitwa Aldersgate Street. Kitu kinabadilika jina, kinabadilika umbo, kinaota mkia, wewe umesimama na picha ya zamani kwenye simu unawaonyesha watu "mnaona, duara". Picha haina hata mwaka!

Alafu honi. Nikifunga macho naisikia. Boda amepita nje saa hii kapiga honi, nimekaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

---

Nyama_Ubavu: Pole sana. Mbuzi alienda wapi?

---

Mama_Mandazi_Kansanga: Huyo huyo!! Alikuwa MC kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba, ya mdogo wangu, akamtangaza baba yetu mkubwa kama dereva aliyeleta keki. Mzee kavaa kanzu, kavaa koti, amekaa meza ya mbele. Tukamwendea tukamwambia, akasema hilo tutalirekebisha baadaye, baadaye ikawa honi. Wewe alikunyima mbuzi, sisi alitunyima ukoo.

---

KondaMstaafu: Nchi haina treni ya chini ya ardhi hata mita moja na kuna mtu mzima hajalala kwa sababu ya Edgware Road. Banange.

---

Spea_Kisekka: @KondaMstaafu sihitaji kuwa na ng'ombe kujua maziwa. @Nyama_Ubavu mbuzi walimchukua wale watoto wa sheria, walimpakia kwenye boda katikati ya watu wawili, na yule bwana akawasindikiza na honi nyingine. Ya furaha hiyo. Kumbe ina milio miwili.

---

Shem_wa_Kawempe: Nimesoma yote nimekaa kimya lakini hapana, tuwe wakweli mulamu. Hukusimama "kwa adabu". Ulipanda juu ya kiti. Watu mia mbili? Tulikuwa arobaini na mpishi. Na HAKUNA TENA uliandika mwenyewe bila kutuuliza, mimi na Mzee Musa tulisema andika Circle tule mbuzi twende nyumbani, ukasema "siwezi kuandika uongo". Mimi nilikuwa tayari kuandika uongo. Watoto nyumbani walijua baba anakuja na mbuzi.

---

Spea_Kisekka: Shem na wewe ulicheka. Nilikuona. Honi ilipolia ulishika meza.

---

Shem_wa_Kawempe: Nilicheka, sikatai. Ilikuwa honi nzuri.

---

Injinia_Bila_Cheti: Mleta uzi una hoja ila umeiacha nyama ukala mfupa. Mwaka huohuo wa 2009 ndiyo waliutoa MTO kwenye ramani. Mto Thames mzima! Septemba watu wanachukua ramani mpya za mfukoni, hakuna mto, hakuna zoni za nauli, walisema wanapunguza msongamano. Meya Boris Johnson alikuwa safarini New York, akaja juu kusikia mto umetoweka akiwa nje ya nchi. Desemba mto ukarudi. Kwa hiyo Desemba hiyo mto unarudi na duara inakatika, mwezi mmoja. Ungemwambia HILO angeishiwa maneno.

---

Spea_Kisekka: Angeishiwa wapi? Ana honi.

---

Mutukula_Kwetu: Habari zenu wana jukwaa. Mimi nauliza kwa kutaka kujua tu, mtu anachoraje ramani bila mto? Si ndiyo unajua uko upande gani?

---

Injinia_Bila_Cheti: Ndugu, hapo ndipo akili ya Beck ilipokuwa. Yeye alikuwa mchoraji wa michoro ya umeme, akaona mtu akiwa chini ya ardhi hajali juu kuna mtaa gani, anajali kituo kinachofuata na wapi pa kubadilishia. Mchoro wake hauna mtaa hata mmoja, ameacha mto peke yake, mistari yake ya kulala, ya kusimama na ya mshazari. Alipoupeleka mchoro 1931 waliukataa, mpaka 1933 ndiyo ukatoka na watu wakaupenda. Akaendelea kuurekebisha miaka na miaka, 1960 ikatoka ramani yenye jina la mtu mwingine kabisa. Huyo ndiye aliyebonyezewa honi.

---

Kasese_Damu: 1931 ndiyo mwaka reli ilifika Kampala, daraja la Jinja lilipokamilika. 1956 ikafika kwetu Kasese. Leo nenda uitafute. Lakini fungua atlasi ya shule ya mwanangu, mstari upo, mweusi, umenyooka, na vijiti vyake, Kampala mpaka Kasese. Mtoto ananiuliza baba kwa nini tunapanda basi? Nimjibu nini? Wenzetu laini ikibadilika ramani inabadilika mwezi huohuo, sisi reli imeota nyasi na ramani inang'aa.

---

KondaMstaafu: Hapa sasa ndiyo mmeingia kwangu. Kasese angalau mna mstari. Taksi ramani yake iko wapi? Nimefanya kazi miaka kumi na nne, ramani ilikuwa mdomo wangu. Unahamishwa stej, kituo cha taksi, usiku, asubuhi abiria wa Ntinda wamejipanga palepale pa zamani wanakutukana, na hakuna hata bango. Mwanamke mmoja alinipiga na kaveera, mfuko wa plastiki, ya nyanya akidhani nimemficha taksi.

---

Mama_Mandazi_Kansanga: Ilikuwa haki yake.

---

Bombo_Mwenyewe: Samahani kurudi nyuma. Bombo Road haiishii Bombo. Mimi nakaa Bombo. Ile barabara inatupita inaenda Luweero mpaka Gulu, malori yanapita usiku kucha mlangoni kwangu. Kwa hiyo yule bwana alikuwa sahihi hapo.

---

Nyama_Ubavu: 😂😂😂😂 PAAA-PAPAPAAA

---

Shem_wa_Kawempe: PAAA-PAPAPAAA

---

Spea_Kisekka: Ikishapita Bombo inaitwa Gulu Road! Inabadilika jina! Ndiyo hoja YANGU hiyo, kitu kinabadilika jina njiani! Kwa nini mnanifanya hivi?

---

Bombo_Mwenyewe: Sisi tunaiita barabara tu.

---

Dada_wa_Ntinda: Mkimaliza na London mjue New York walifanya makubwa zaidi. 1972 walitoa ramani ya treni ya mchoraji Vignelli, maji rangi ya udongo, Central Park mraba wa kijivu, watu wakalalamika mpaka 1979 ikabadilishwa, na 2025 wamerudi kwenye mchoro unaofanana na uleule. Kama fasheni ya suruali. Na ya London yenyewe saa hii imejaa kama taksi ya saa moja jioni, 2022 wameongeza laini ya Elizabeth, 2024 ile ya chungwa ya Overground, treni za juu ya ardhi, wameigawa mara sita kila moja na jina lake na rangi yake. Rangi zimeisha, sasa wanachora mistari yenye uwazi katikati.

---

Spea_Kisekka: Asante dada. Mtu mmoja mwenye akili. Sasa ulikuwa wapi Ijumaa?

---

Dada_wa_Ntinda: Nilikuwa timu ya wanafunzi wa sheria.

---

Shem_wa_Kawempe: Nimeanguka.

---

Nyama_Ubavu: Kwa hiyo mbuzi yuko kwako??

---

Dada_wa_Ntinda: Nusu. Nusu imeliwa jana. Ndiyo, nilijua kuhusu 2009. Niliandika Circle kwa sababu niliujua uso wa muuliza swali.

---

Spea_Kisekka: ...

---

Kasese_Damu: Na hakuna anayenijibu kuhusu atlasi.

---

Mama_Mandazi_Kansanga: Dada hiyo nusu unaiuza? Mimi nina wageni kesho, na hapa Kansanga kilo ya mbuzi imepanda mpaka mtu anaogopa kuuliza. Tena muuza nyama wangu ana mizani, mnamjua yule wa mizani, kidole chake kina kilo yake peke yake.

---

KondaMstaafu: Yule wa mizani ya bluu? Karibu na stej ya zamani? Huyo ana kesi na mimi tangu Pasaka, aliniuzia maini nikafika nyumbani ni mapafu.

---

Mutukula_Kwetu: Mizani ya bluu namjua hata mimi na siishi huko.

---

Spea_Kisekka: Jamani uzi huu ni wa ramani.

---

Nyama_Ubavu: Mapafu kabisa? Leta habari konda, ilikuwaje?