Ushauri: Yamaha, Korg au Casio? Kila nikiuliza watu wanagombana

Uliza_Solfa (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za wakati huu. Naomba msaada wa dhati maana nimechanganyikiwa. Nina karibu miaka miwili najifunza kinanda kwa cha kuazima, sasa nimejichanga nataka nichukue changu mwenyewe, kii 61 zinanitosha, lengo ni kusindikiza waimbaji na kufanya mazoezi usiku kwa hedifoni. Shida ni kwamba kila nikiuliza nageuka refa. Huyu anasema Yamaha ndo kila kitu, yule anasema kama unataka besi iliyoshiba nenda Korg, nikitaja Casio naambiwa hicho cha watoto. Juzi watu wawili ninaowaheshimu, wote wananizidi mbali kupiga, wametoleana maneno makali kwa swali langu hilo hilo na mpaka leo hawaongei. Inaniuma kweli. Naombeni mnieleze niangalie nini, nisiambiwe tu niwe upande wa nani. Nawasilisha.

Kumi_za_Vidole
Mkuu usijitese, chukua Yamaha. Wale jamaa wako kwenye vyombo vya muziki tangu 1887, mzee Torakusu Yamaha alianza kwa kutengeneza ogani ya kukanyaga. Kinanda chao cha DX7 kilipotoka 1983 ile piano yake ya umeme ilisikika kila kona ya dunia. Mimi niko kwenye PSR, vinanda vya Yamaha vyenye staili, mwaka wa 12 huu, hata taa zikizimika mkono unajua kitufe kiko wapi. Wengine watakupotezea muda.

BesiNzito
Ndo yale yale. Historia haipigi wimbo kaka. Korg M1 ya 1988 piano yake na ogani yake watu wanazitafuta mpaka leo. Staili, yaani ile ngoma na besi inayojipiga yenyewe, za vinanda vya Korg Pa ukiziwasha unasikia mpiga besi amekaa pembeni yako. Yamaha ngoma zao zimepigwa pasi sana, hazina jasho.

Kumi_za_Vidole
Hazina jasho? Lete rekodi yako tusikie jasho.

Dada_Oktava
Jamani mtoto wa watu kaomba ushauri. Na nyie wawili kwa taarifa yenu, mwaka 1987 Yamaha ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Korg, kwa hiyo hiyo M1 anayoisifia BesiNzito ilitoka wakati Yamaha wana mkono wao humo ndani. Mwaka 1993 mzee Tsutomu Katoh, mwanzilishi wa Korg, akazinunua tena nyingi. Wenye kampuni walielewana vizuri tu wakaendelea kushindana sokoni, ila sisi wanunuzi ndo hatusalimiani.

Uliza_Solfa mdogo wangu, angalia namba ya modeli kabla ya jina. PSR-E273 ni Yamaha lakini haisikii nguvu ya kidole, ukigusa taratibu au ukipiga kwa hasira sauti ni ile ile. PSR-E373 inasikia. Casio nao hivyo hivyo, CT-S200 haisikii, CT-S300 inasikia. Sasa mtu akikwambia "chukua Yamaha" akaishia hapo unaweza kurudi nyumbani na kinanda ambacho hakikufundishi kupiga kwa hisia, na kwa anayesindikiza waimbaji hilo ni kubwa kuliko yote, maana mwimbaji akishusha sauti na wewe lazima ushuke naye.

Pia uliza kinaweza kutoa noti ngapi kwa wakati mmoja. E273 ni 32, E373 ni 48, CT-X700 nayo 48, Korg EK-50 ni 64. Ukiwasha staili, ukakanyaga pedali ya kuvuta sauti, ukashika noti nyingi kwa pamoja, 32 zinaisha haraka na noti za mwanzo zinaanza kukatika wewe ukidhani umekosea.

Fundi_Noti
Dada kamaliza, mimi naongezea ya kwenye meza. Nikifungua kinanda, jina la juu halinisaidii. Kwenye vinanda vinavyosikia nguvu ya kidole, chini ya kila kii kuna mpira wenye vidoti viwili vyeusi vya kaboni, kimoja kinagusa kabla ya kingine, na muda unaopita katikati ndo unaokiambia kinanda umepiga kwa nguvu gani. Vumbi au jasho likiingia pale noti inaruka kwa kelele ghafla au haitoki kabisa. Kwa hiyo ukienda kukagua, hasa kama kimetumika, weka sauti ya piano, bonyeza kii zote 61 moja moja taratibu kwa nguvu ile ile. Ikiruka hata moja, uliza.

La pili, usiazime adapta hovyo. Yamaha nyingi ndogo ni volti 12 na chanya iko katikati ya plagi, Casio nyingi za zamani ni volti 9 na hasi ndo iko katikati. Na pedali ya kampuni nyingine ikifanya kinyume, yaani sauti inavuta ukiwa hujakanyaga, zima kinanda, chomeka, ondoa mguu, ndo uwashe. Vingi vinajirekebisha hapo.

Uliza_Solfa
Asanteni sana aisee, hili la mguso hakuna aliyewahi kuniambia. Hiki cha kuazima kumbe hakisikii kidole, ndo maana nikikaa kwenye piano ya kweli napiga kama nagonga mlango. Nabaki na E373, CT-X700 na EK-50, nitazipiga zote wimbo mmoja kwa hedifoni zangu.

Kumi_za_Vidole
Mdogo wangu samahani kwa pale juu, na BesiNzito pia. Ukweli wangu ni huu, nina staili nimezitengeneza miaka yote hii usiku kwa usiku, na hazifunguki hivi hivi kwenye Korg, inabidi zipite kwenye programu ya kugeuza na besi inatoka imepinda. Mtu akisema Yamaha si kitu mimi nasikia zile usiku zangu si kitu. Wewe huna huo mzigo, chagua kwa sikio. Nyimbo zangu za mazoezi nilizihifadhi kwa MIDI, faili la noti linaloeleweka kwa vinanda vya kampuni mbalimbali, hizo zinafunguka karibu popote, ukishapata chako chochote kile niandikie nikutumie.

BesiNzito
Yameisha kaka. Na mimi nitumie hizo za MIDI.