Naombeni ushauri: risasi za mazoezi kwa rivolva ya .38

Mpole Pembeni: Wakuu, heshima kwenu. Nimepata rivolva ya .38, tundu sita, kibali ninacho. Nataka risasi za kufanyia mazoezi na kila ninayemuuliza ana lake. Nichukue zilizovikwa shaba au zile za kichwa kitupu? Na uzito gani? Sitaki kuharibu kitu.

Fundi Shabaha: Hongera mkuu. Kwa karatasi chukua za kichwa bapa, greni 148 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Teke lake dogo, tundu linatoka la duara safi, huhitaji kubishana na mtu kama umegusa mstari. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, ule moshi una madini ya risasi (lead).

Mzee wa Kale: Jambo la maana ni sikio. Kuna jamaa tulikuwa naye uwanjani, badala ya mlio ikatoka "pwa" tu. Anataka kufyatua tena, nikamdaka mkono. Kumbe kichwa kimekwama katikati ya mtutu! Yule bwana hadi leo akiniona ananiita mzazi. Alikuwa anatumia risasi zilizojazwa upya na shemeji yake, na huyo shemeji mwenyewe ni hadithi nyingine…

Mama Utulivu: Kabla ya risasi, kabati la kufunga lipo? Funguo anashika nani? Vijana mnakimbilia mlio tu.

Kifaru Mwembamba: Nunua manati mkuu. Risasi zake zimejaa njiani.

Kipimo: .38 ipi? Soma maneno yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, uyaandike hapa kama yalivyo.

Mpole Pembeni: Ni ya zamani kidogo, ila iko vizuri sana. Na .38 si ni .38? Boksi la .38 Special nimeshachukua, kubwa, kwa hiyo swali langu ni la aina ya kichwa tu.

Kipimo: Sijauliza boksi. Mtutu umeandikwaje?

Mpole Pembeni: "38 S&W CTG". Lakini zinaingia zenyewe bila kulazimisha, na nimeshapiga kadhaa. Zinalia vizuri.

Kipimo: Basi ngoja. Hayo maandishi ni jina la risasi ya Smith & Wesson, CTG ni "cartridge". Hiyo siyo .38 Special. .38 S&W ganda lake ni fupi na nene zaidi, na kiwango chake cha juu cha mgandamizo ni psi 14,500. Special inafika 17,000. Usipige tena.

Jicho la Kunguru: Hii ni chai, tena ya moto. Chemba (tundu la silinda linalokaa risasi) ya .38 S&W ni fupi, Special inagota kabla haijazama na silinda haifungi. Huyu anasema "zinaingia zenyewe". Halafu mwanzo alikuwa anatafuta risasi, sasa ameshapiga. Mods, fungeni uzi.

Kifaru Mwembamba: Nilijua tu. Hata manati hana.

Mpole Pembeni: Kuhusu kupiga hamkuniuliza. Sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua.

Fundi Shabaha: Jicho, usikimbilie. Vita Kuu ya Pili Marekani ilitengenezea Waingereza rivolva nyingi za .38 S&W. Baada ya vita wafanyabiashara walizichokonoa chemba ili zipokee Special, maandishi ya mtutu wakayaacha. Hapo Special inazama, ila nyuma inapwaya kwa sababu chemba ilikuwa pana tangu mwanzo. Mpole, maganda uliyotoa yakoje?

Mpole Pembeni: Yamevimba karibu na kitako. Moja lina ufa. Nilidhani ni shaba mbovu. Na kwenye karatasi matundu mengine yametoka marefu, kana kwamba risasi imeingia ubavu. Lakini bastola yenyewe haina hata mkwaruzo.

Fundi Shabaha: Ndiyo yenyewe. Kichwa cha Special ni chembamba kwa mtutu huo, hakishiki vizuri mizunguko ya ndani, kinayumba hewani. Wala usifikirie za +P, zile zenye mgandamizo mkubwa zaidi.

Mpole Pembeni: Na nikipiga chache tu za boksi hili, polepole?

Kipimo: Upolepole haupunguzi baruti. Mpelekee fundi silaha apime chemba na mtutu, umwonyeshe hayo maganda, hasa lenye ufa. Akiridhika, risasi zake ni za .38 S&W, greni 145 au 146. Ni adimu kuliko Special, jiandae. Boksi rudisha ulikochukua, au likae mpaka uwe na rivolva ya .38 Special au ya .357 Magnum. Ya .357 inazipokea, ila uzisugue chemba maana ganda fupi linaacha pete ya masizi mbele, na risasi ndefu za .357 zitakuja kugoma.

Mzee wa Kale: Hapo kwenye masizi nina kisa…

Mpole Pembeni: Sawa, nitaipeleka. Ila boksi nitabaki nalo kwanza, huwezi jua.

Jicho la Kunguru: Picha ya mtutu bado sijaiona.