Ohio State 2024: walipoteza mechi mbili, kombe la taifa walilipataje?

yadi100
Wakuu, salaam. Kuna jambo la msimu wa 2024 wa futiboli ya vyuo vya Marekani bado halijaniingia akilini. Ohio State walifungwa na Oregon 32-31, wakafungwa nyumbani na Michigan 13-10, na fainali ya Big Ten, konferensi yao (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja), hawakucheza. Januari 2025 wakabeba kombe. Mfumo ndio uliwabeba, au timu yenyewe ilibadilika? Naomba ufundi, habari za "walijituma sana" nimeshasoma za kutosha.

Jaribio_la_Nne
Mkuu, anza na mfumo. Hadi msimu wa 2023 mchujo ulikuwa wa timu nne tu, na hakuna timu yenye vipigo viwili iliyowahi kuingia. 2024 ulikuwa msimu wa kwanza wa timu 12: mabingwa watano wa konferensi walio juu zaidi kwenye orodha ya kamati, kisha timu saba bora zilizobaki. Mabingwa wanne wa juu waliruka raundi ya kwanza: Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State. Ohio State, wakiwa na 10-2, walipangwa namba 8.

Kuhusu Big Ten: ina timu 18 na makundi yalifutwa, kwa hiyo fainali ni ya timu mbili zenye rekodi bora ndani ya konferensi. Oregon walikuwa 9-0, Penn State na Indiana 8-1, Ohio State 7-2. Ajabu ni kwamba Ohio State waliwafunga Penn State 20-13 na Indiana 38-15, lakini matokeo ya ana kwa ana huangaliwa pale tu timu zinapolingana.

Namba 8 ilikuwa na faida, maana namba 5 hadi 8 huanza nyumbani. Tennessee walikwenda Columbus wakajikuta nyuma 21-0 kota ya kwanza tu, mwisho 42-17. Walioonekana kupunjwa ni Oregon. Hawakuwa wamepoteza mechi hata moja, na mpinzani wao wa kwanza akawa huyohuyo Ohio State. Timu zote nne zilizoruka raundi zilifungwa mechi yao ya kwanza. Kuanzia 2025 nafasi hizo hupewa timu nne za juu kwenye orodha, iwe bingwa au la.

MstariWaMbele
Mfumo ulifungua mlango, sawa. Lakini ukitaka kuelewa timu, tazama wale watano wa mbele, laini inayomkinga kotabeki (mrusha pasi). Takoli wa kushoto (mtu wa mwisho wa laini), Josh Simmons, aliumia goti kwenye mechi ya Oregon, 12 Oktoba. Mbadala wake alipata taabu, ndipo Donovan Jackson akahamishwa kutoka gadi ya kushoto kwenda takoli. Si kuhama kudogo: gadi ana mwenzake kila upande na anafanya kazi kwenye nafasi finyu, wakati takoli yuko pembeni peke yake, anarudi kinyumenyume huku mtu mwenye kasi akimzunguka kumfuata kotabeki. Mwezi Novemba senta Seth McLaughlin akachanika kano ya kisigino, Carson Hinzman akaingizwa katikati.

Sasa tazama Michigan. Laini imeshonwa upya, na mpango wa benchi ni kukimbiza mpira katikati, palepale waliposimama walinzi Mason Graham na Kenneth Grant, yaani uzito wote wa Michigan. Jeremiah Smith, mpokeaji hatari kuliko wote, akaishia na yadi 35. Kotabeki wao Will Howard akanaswa pasi mbili, mikwaju miwili ya pointi tatu, ya yadi 34 na 38, ikakosa, Michigan wakapata wao wa yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45. Kwangu mimi hayo yalikuwa makosa ya mpango kuliko ya wachezaji.

Kwenye mchujo mpango uligeuka. Pasi zikaja mapema, Smith akitafutwa tangu mwanzo, na mbio zikafuata mabeki wakishatawanyika. Dhidi ya Oregon pale Rose Bowl, robo fainali, ilifika 34-0 kabla ya mapumziko, mwisho 41-21, Smith yadi 187. Upande wa ulinzi, walimwangusha kotabeki wa Oregon, Dillon Gabriel, mara nane.

yadi100
Asanteni. Na ile mechi ya kwanza ya Oregon, kile kisa cha wachezaji 12?

Jaribio_la_Nne
Zilibaki sekunde 10, Ohio State wako jaribio la tatu, kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira, wakihitaji yadi 25. Oregon wakaingiza mtu wa 12, pasi haikushikwa. Adhabu yake ni yadi 5, lakini saa ilishakula sekunde 4 na kanuni haikuzirudisha. Ukiwa unaongoza, biashara hiyo inalipa. Howard akakimbia, akateleza chini, muda ukaisha. Siku chache baadaye NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikatoa tafsiri mpya ya kanuni: ndani ya dakika mbili za mwisho za kila nusu, timu iliyotendewa inaweza kuomba saa irudishwe ilipokuwa.

MstariWaMbele
Nyongeza kwa anayedhani Smith alifanya yote: kwenye nusu fainali Texas walimbana hadi akapokea pasi moja ya yadi 3. Mechi hiyo iliamuliwa karibu na mstari wa Ohio State, Ohio State wakiongoza 21-14. Texas wana majaribio manne kutoka yadi 1. La kwanza halikuzaa kitu. La pili wakampa mkimbiaji mpira kwa kuurusha pembeni badala ya kusukuma katikati, wakarudishwa nyuma yadi 7. Kutoka yadi 8 kotabeki analazimika kushika mpira muda mrefu zaidi, na jaribio la nne mlinzi wa Ohio State, Jack Sawyer, akamfikia kotabeki huyo, Quinn Ewers, akaupiga mpira ukamtoka mkononi, akauokota na kukimbia yadi 83. Ikawa 28-14.

Fainali, Notre Dame walitoka nyuma 31-7 hadi 31-23. Ohio State wakiwa jaribio la tatu na yadi 11 za kwenda, Notre Dame wakamwachia Smith beki mmoja tu. Howard akatupa ndefu, yadi 56, na Jayden Fielding, yuleyule aliyekosa mbili dhidi ya Michigan, akafunga mkwaju wa yadi 33. 34-23.