Kwa nini The Wizard of Oz ya mwaka 1939 haichuji?

Swali
Ndugu zangu, juzi niliitazama filamu hii ya The Wizard of Oz pamoja na binti yangu wa miaka saba, nikidhani angechoka mapema, kwa kuwa mandhari yake yamechorwa kwa brashi. Lakini Dorothy, msichana wa hadithi hiyo, alipofungua mlango wa nyumba iliyobebwa na kimbunga hadi nchi ya Oz, mtoto aliinuka akasogea hadi mbele ya televisheni. Ni nini hasa kinachoidumisha?

Jibu la kwanza
Binti yako aliinuka mahali penyewe. Sehemu yote ya Kansas, jimbo la Marekani anakoishi Dorothy, imeonyeshwa kwa hudhurungi iliyopauka, na ili rangi ziingie bila picha kukatwa, watengenezaji walipaka hudhurungi kuta za ndani, wakamvika mwigizaji mbadala gauni la rangi hiyohiyo, naye akafungua mlango huku kamera ya Technicolor, yaani ya filamu za rangi, ikipiga, kisha akajitoa pembeni ili Judy Garland, mwigizaji wa Dorothy, apite akiwa na gauni lake la buluu. Hata viatu, ambavyo katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, kilichozaa filamu hii, ni vya fedha, vilifanywa vyekundu ili ving'ae.

Jibu la pili
Rangi peke yake isingetosha, ndugu yangu. Wimbo wa "Over the Rainbow", uliotungwa na Harold Arlen na E. Y. Harburg, unaimbwa kabla rangi hazijaonekana, katika ua wa shamba, na msichana aliyekosa mtu wa kumsikiliza. Wakubwa wa studio nusura wauondoe kwa madai kwamba unachelewesha hadithi. Baadaye ukapata Oscar. Kwangu mimi, wimbo huo ndio unaoufanya mlango ule uwe jibu la ombi.

Jibu la tatu
Tusiisahau televisheni: filamu hii ilionyeshwa na CBS, kituo cha televisheni cha Marekani, mwaka 1956, na tangu 1959 kuitazama kukawa desturi ya kila mwaka kwa familia za Marekani.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Binti yangu naye ameniuliza kwa nini Dorothy atake kurudi kusiko na rangi.

Jibu la pili
Mwonyeshe tena pale Dorothy amefungiwa katika ngome ya mchawi. Ndani ya tufe la kioo anamwona shangazi yake Em akimtafuta na kumwita, naye anaitika kwa kilio kwamba yuko hapa, lakini Em hamsikii, na uso wake unafifia hadi unageuka uso wa mchawi.