Kikasha cha jiokashi kitakachodumu pwani: vyombo, vifaa na siku ya msako

Mwalimu wa Raskazone (Tanga)

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia kikundi cha skauti 22 hapa Tanga, na tangu mwaka jana tumekuwa tukicheza jiokashi, yaani mchezo wa kuficha kikasha chenye daftari dogo, kutangaza mtandaoni majiranukta (namba za latitudo na longitudo) ya mahali kilipo, kisha kuwaachia wengine wakisake kwa GPS na kutia saini wakikipata. Vijana wameupenda mchezo huu kuliko nilivyotarajia. Kutafuta hakutusumbui, kinachotushinda ni kuficha kitu kikadumu.

Kikasha chetu cha kwanza kilikuwa kopo la filamu za kamera za zamani, lile jeusi lenye kifuniko cha kijivu, ambalo fundi picha mmoja alitupatia bure. Tulikiweka mwezi Februari, na masika yalipokwisha daftari lilikuwa limegeuka uji, majina yote yameyeyuka isipokuwa ya watu wawili waliotumia penseli. Cha pili kilikuwa kontena la chakula la plastiki nyembamba. Jua lilikipinda kifuniko na sisimizi wakahamia humo, nao tulikuwa tumewaalika wenyewe kwa kuweka peremende kama zawadi. Cha tatu hunichekesha na kuniuma kwa wakati mmoja. Kijana mmoja alichukua vifuu viwili vya nazi, akaviunganisha kwa bawaba ya ngozi, akavipaka nta ndani ili maji yasipenye, kikawa kitu cha kupendeza kabisa, tukakiacha chini ya mnazi kama kifuu kingine chochote. Siku ya nne hakikuwepo. Mama mmoja jirani alituambia, tena kwa uso mkunjufu, kwamba aliokota vifuu hapo kwa ajili ya kuwashia jiko, na kwamba kimojawapo kiliwaka vizuri ajabu. Ilikuwa ile nta.

Naomba ushauri wa vyombo vinavyofaa mazingira yetu, na wa vifaa ambavyo kikundi chenye simu janja tano tu kinapaswa kuvitafuta. Aidha, tunataka kuandaa siku ya msako baada ya masika, tuwaalike wenzetu wa Moshi na Mombasa, lakini sijui siku hiyo ijazwe nini ili isiwe matembezi ya kawaida.

Msakaji wa Meru (Arusha)

Mwalimu, poleni kwa kifuu, ingawa huyo kijana anastahili pongezi, kwa kuwa kikasha kilichomdanganya mwenyeji wa mahali kimefaulu mtihani wake mgumu kuliko yote. Kosa lilikuwa kuchagua umbo la kitu ambacho watu hukiokota. Huku kwetu huwa ninajiuliza kwanza kama chombo kina thamani kwa mpita njia. Chupa ya plastiki inauzwa kwa wakusanyaji, bati linauzwa kama chuma chakavu, na kifuu ni kuni. Vitu visivyo na mnunuzi ndivyo vinavyokaa.

Kopo la filamu lisahauni, kwa maana kifuniko chake hakikutengenezwa kuzuia mvua. Nendeni kwenye kiwanda kidogo chochote cha maji ya chupa mkaombe vile vichupa ghafi, yaani plastiki nene mfano wa neli ya maabara ambayo hupashwa moto na kupulizwa hadi ikawa chupa. Shingo yake tayari ina nyuzi za kufungia, na ukichukua kile kinachotumika kwa soda pamoja na kifuniko chake, utakuwa na mfuniko uliobuniwa kuzuia gesi isitoke, hivyo unyevu wa masika hauusumbui. Daftari liwe ukanda mrefu wa karatasi uliokunjwa kama msokoto, na penseli iwe kipande kifupi. Ndani tupieni kile kifuko kidogo cha chembechembe za silika kinachokuja kwenye maboksi ya viatu. Mkitaka kikasha kikubwa chenye nafasi ya zawadi, nunueni kontena lenye vibanio pande zote nne na mpira wa silikoni kwenye mfuniko, kisha mlipake nje rangi ya matope isiyong'aa. Peremende hapana: ndoo ya kwanza kabisa ya mchezo huu, ambayo Dave Ulmer aliificha karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya Marekani kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya kiraia, ilikuwa na kopo la maharage ndani, lakini kanuni za leo zinakataza chakula cha aina yoyote.

Sasa nikupe chombo ninachokipenda kuliko vyote. Kateni pingili za mwanzi mnene, kimo cha sentimita 60 hivi, uwazi wa ndani sentimita 5, toboeni vifundo vya kati na kuacha cha chini peke yake kikiwa kizima, halafu mwufunge wima kwa waya kwenye nguzo ya uzio. Tumbukizeni ndani kichupa ghafi kilichofungwa vizuri. Mkono haufiki, wala kijiti hakiwezi kukishika. Msakaji makini ataona vitundu vitatu ubavuni na kuelewa kwamba anatakiwa kumimina maji, lita moja na ushee, huku mwenzake akiziba vitundu kwa vidole. Kichupa kitapanda polepole hadi mdomoni, kwa sababu kimejaa hewa. Hapo ndipo vijana hupiga kelele. Angalizo moja: tundu la chini kabisa liwe usawa wa kifundo ili maji yote yatoke, la sivyo mtakuwa mnafuga mbu. Mwanzi ufungwe kwenye nguzo, kamwe usipigiliwe misumari kwenye mti ulio hai, na chini yake pasichimbwe shimo.

Kuhusu vifaa, simu tano zinatosha vijana 22 ikiwa mtaenda kwa makundi, mradi ramani zimepakuliwa mapema, kwani GPS ya simu hupokea setilaiti hata pasipo bando. Pesa mlizonazo zipelekeni kwenye pawabenki moja nzuri na tochi za kichwani. Jambo linalohitaji umakini ni namna ya kuandika majiranukta. Mchezo huu hutumia digrii na dakika zenye desimali, wakati simu nyingi huonyesha digrii zenye desimali, na mtu akichanganya hapo amepotea. Chukua mfano wa kwenu: digrii 5.068 kusini ni sawa na digrii 5 na dakika 4.08. Ukiandika digrii 5 na dakika 6.8, umemsogeza msakaji kilomita 5 hivi. Ukisahau S (kusini) ukaweka N (kaskazini), umempeleka kusini mwa Ethiopia. Kwa upande mwingine, sehemu moja ya elfu ya dakika ni chini kidogo ya mita 2, kwa hiyo desimali tatu zinatosha, na bora mchukue vipimo vitano kwa siku mbili tofauti, kisha mtafute wastani.

Bint Kisauni (Mombasa)

Mwalimu, shikamoo. Naongezea upande ambao Msakaji wa Meru ameupita, nao ni mlinzi wa geti.

Katika nchi za wenzetu watu hutumia sana maboksi ya chuma ya risasi za jeshi, ambayo kwa kweli hayaingizi maji, lakini kwetu sisi tuliokwisha kuguswa na mashambulizi chombo hicho ni cha kuomba matatizo. Hata huko kwao yamewafika: mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Uingereza, kikasha kidogo tu kilifanya barabara ifungwe na wanajeshi wakaja kukilipua. Kwa hiyo chombo kiwe kinachoonyesha yaliyo ndani, kiandikwe nje kwa Kiswahili kwamba ni mchezo na hakina madhara, na kisiwekwe karibu na benki, kituo cha polisi, bandari wala nyumba ya ibada. Ruhusa ombeni kwa mwenye eneo na kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi niliwahi kufukuzwa kwenye bustani moja nikiwa nimepiga magoti nyuma ya benchi. Nilipomwonyesha mlinzi kikasha na kumwomba naye atie saini, tulimalizana vizuri, lakini ningalimwambia kabla nisingetoka jasho lile.

Msitumie mifuko laini ya plastiki kufunikia daftari, ingawa maelekezo mengi ya nje hushauri hivyo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea mwezi Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na huku kwetu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Hata pale sheria isipokukamata, mfuko huo huchanika baada ya mwezi na kuhifadhi maji badala ya kuyazuia. Vilevile msiweke makombe ya baharini kama zawadi, maana mgeni atayabeba hadi uwanja wa ndege na huko ataulizwa maswali.

Penye majengo ya kale msifiche kitu ukutani. Tumieni kikasha cha hatua: msakaji anasoma tarakimu kwenye vibao vya maelezo, anazipanga katika hesabu, na jibu linampa majiranukta ya kikasha kilichofichwa kwingine. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, inakupa tarakimu nne nzuri bila mtu kugusa jiwe. Nanyi mna mapango ya Amboni. Ndani ya pango GPS haisomi, lakini ipo aina ya jiokashi isiyo na chombo kabisa, iliyoanzishwa mwaka 2004 pamoja na Geological Society of America, ambapo anayefika hujibu maswali juu ya miamba aliyoiona. Waulizeni wageni wenu maji yalivyoyeyusha chokaa ile, na majiranukta yawe ya mlangoni.

Mtanga wa Leipzig (Ujerumani)

Nimefurahi kuona Tanga inatajwa. Vile vichupa ghafi hapa Ujerumani ndivyo vimejaa kila kona ya msitu, na wenyeji wana jina lao kabisa, *Petling*.

Kuhusu siku ya msako, mkitaka itambulike rasmi katika mchezo, tangazo lipelekwe si chini ya wiki mbili kabla, mkusanyiko wenyewe usipungue dakika 30, na pasiwe na biashara ndani yake. Mengine ni ubunifu wenu. Ningependekeza Jumamosi ya mwisho ya mwezi Juni, kwa kuwa ndiyo siku ya usafi nchini Tanzania, na mchezo huu una desturi ya kale ya kukusanya taka njiani wakati wa kusaka. Asubuhi mnasafisha ufuo pamoja na majirani, mchana kila kundi linaleta kikasha lililokibuni na kuwaachia wengine dakika 5 wakifungue bila kuelezwa chochote. Hapo mwanzi wa maji utatawala, naapa.

Kisha usiku ndio wenye utamu. Huku kuna njia za msako wa gizani: vipande vidogo vya rifleta, kama zile zinazobandikwa nyuma ya malori, hufungwa kwenye nguzo na miti kwa uzi, na mchana huvioni. Ukiwasha tochi ya kichwani vinang'aa mbali kama macho ya paka, kimoja kinakupeleka kwa kingine hadi kwenye kikasha. Saa 1 jioni Tanga giza limeshatanda, kwa hiyo hata wadogo watashiriki. Fanyeni ndani ya uwanja wa shule wenye uzio, kundi moja moja, na mtu mzima mwisho wa kila mstari. Baada ya hapo fungueni vipande vyote na mvihesabu. Nyuzi na rifleta zibaki kwenu kwa mwaka ujao.

Mwalimu wa Raskazone (Tanga)

Ahsanteni sana. Jumamosi tuliujaribu mwanzi uani kwangu. Mara ya kwanza kichupa kilikwama katikati, kwa sababu hatukusafisha vizuri masalia ya kifundo, tukalazimika kukiteremsha kwa fimbo, kukwangua upya na kumimina tena. Mara ya pili kilipanda vizuri, isipokuwa aliyekuwa akiziba vitundu alicheka, akaachia kidole kimoja, nasi sote tukalowa. Tumeamua vitundu viwe vinne, ili mtu wa mikono miwili ahitaji rafiki kweli kweli.

Tarehe tumekubaliana nayo. Kwa mwenyekiti wa mtaa nimekwenda, naye ameuliza kama wazee nao wanaruhusiwa kucheza. Na yule kijana ametengeneza kifuu kingine, safari hii hakina nta, kimebeba kichupa ghafi ndani na kimefungwa kwa waya kwenye uzio wa mama yule yule, ambaye ameomba yeye ndiye awe wa kwanza kutia saini.